Mistari Saba ya Daftari la Njiwa

Kila siku ya shule, ilipofika saa kumi na nusu jioni, Chesang alifanya mambo yaleyale. Alitupa mkoba kitandani, akavua sare kabla mama yake hajamkuta akipanda nayo ngazi, akachukua daftari la buluu na kalamu, kisha akaenda nyuma ya nyumba kuwafungulia njiwa.

Kibanda cha njiwa kilikuwa juu ya mnara wa tangi la maji, katika ploti moja ya mtaa wa Rhonda, mjini Nakuru. Tangi lenyewe lilipasuka zamani likaondolewa, na mwenye ploti hakuwa na haraka ya kuleta jingine. Mnara ukabaki mtupu, na mahali patupu Rhonda hapakai siku mbili bila kupata mwenyewe.

Njiwa hao tisa hawakuwa wa kuliwa. Walikuwa wa aina ambayo watu wa mtaa huiita rola. Rola huruka juu kwa kundi, wakizunguka pamoja, halafu ghafla mmoja wao huanza kupinduka kinyumenyume, mara kumi, mara ishirini, upesi hata macho hayawezi kuhesabu, huku akishuka. Kisha husimama hewani, akakunjua mabawa na kupanda tena kwa wenzake kana kwamba hakuna lililotokea. Mtu anayeona jambo hilo mara ya kwanza hudhani ndege amepigwa jiwe. Akiliona mara ya pili huanza kuuliza bei.

Chesang, aliyekuwa Gredi ya Saba, hakuwafuga peke yake. Mwenzake alikuwa Jalal wa mlango wa nne, mvulana wa Gredi ya Nane, mpole, mwenye kupenda kuhakikisha kila kitu mara mbili. Jumatatu hadi Ijumaa jioni Jalal alikuwa madrasa, kwa hivyo siku hizo zilikuwa za Chesang. Jumamosi na Jumapili asubuhi, Chesang akiwa kwenye kufua au kanisani, zamu ilikuwa ya Jalal. Hawakukutana kibandani mara nyingi. Walichoshirikiana ni funguo mbili na daftari moja.

Daftari hilo lilikuwa amri ya Fundi Makhanu. Makhanu alikuwa na karakana ya kuchomelea mageti kando ya barabara, na juu ya paa la karakana alikuwa na rola arobaini. Ndiye aliyewapa watoto hao njiwa wa kwanza.

"Nawapa bure," aliwaambia siku hiyo. "Lakini mkiacha kuandika, nakuja kuwachukua. Rola hafugwi kwa kichwa. Kichwa kinapenda kujisifu."

Basi waliandika. Tarehe, saa ya kurusha, saa ya kutua, upepo, nani amepinduka na kwa urefu gani. Urefu ulipimwa kwa nguzo za stima. Njiwa aliyeshuka akipinduka kiasi cha urefu wa nguzo moja aliandikiwa nguzo moja. Wa nguzo mbili alikuwa fundi. Lakini nguzo si sifa peke yake. Rola mzuri ni yule anayejua kusimama kabla ya kufikia nyaya. Asiyejua, siku moja atajipigiza kwenye paa, na wafugaji husema huyo amegonga.

Fundi wao wa kupinduka alikuwa jike wa rangi ya maziwa mwenye madoa ya kahawia, kama yaliyoachwa na kikaango. Walimwita Chapati. Chapati alipinduka nguzo mbili, wakati mwingine mbili na nusu, na Chesang alipomtazama alisahau hata njaa.

Kila baada ya miezi mitatu, wafugaji wa Rhonda na Kaptembwo walikuwa na Siku ya Kurusha. Rola harushwi ugenini, atapotea. Kwa hivyo wafugaji wenyewe ndio waliotembea, Jumapili mchana, kutoka kibanda hadi kibanda. Walipofika, mwenye njiwa alisimama kwanza akasoma daftari lake la mwezi mzima kwa sauti, mstari kwa mstari. Ndipo njiwa wafunguliwe na watu wainue shingo. Sheria zilikuwa mbili tu. Njiwa aliyegonga hupumzishwa wiki tatu. Na daftari likiwa na mstari hata mmoja wa kubuni, kibanda chake hakifunguliwi siku hiyo.

Jumapili ya mwisho ya mwezi wa Mei, kwa mara ya kwanza, wafugaji wangefika kwa Chesang na Jalal. Chesang alitaka watu wamwone Chapati. Alilitaka hilo kuliko alivyotaka alama za hesabu, na mama yake alilijua hilo na kulilalamikia.

Uongo wa kwanza haukuwa hata na sura ya uongo. Ilikuwa Jumatatu, na saa kumi kamili mvua ya mawe ilianza kupiga mabati ya Rhonda hata watu wakawa wanazungumza kwa ishara. Hakuna njiwa angeweza kurushwa. Chesang alipaswa kuandika neno moja tu, "Sikuwarusha." Lakini ukurasa ulikuwa umejaa vizuri, na mstari mtupu ungeuharibu. Akaandika: "Dakika 32. Upepo kidogo. Chapati nguzo mbili." Akafunga daftari, na hakuna kilichotokea.

Wiki iliyofuata alikuwa na insha ya kumalizia, akaandika dakika 35 bila kufungua kibanda. Halafu siku moja aliwarusha njiwa vizuri, lakini akakaa chini ya mnara akicheza mchezo kwenye simu ya mama yake, hakuinua macho. Akaandika dakika 34. Uongo ni kama kiatu kipya. Siku ya kwanza hubana, siku ya tatu umesahau kama umekivaa. Baada ya wiki tatu, mistari sita kati ya kumi na mitano ya Chesang ilikuwa ya kubuni.

Wa saba ndio uliokuwa mbaya.

Ilikuwa Jumatano, siku kumi na moja kabla ya Siku ya Kurusha. Mara hii Chesang alitazama. Alimwona Chapati akianza kupinduka, nguzo moja, mbili, na mbili na nusu, kisha akapita nyaya bila kusimama. Ukasikika mshindo kwenye bati la jirani. Chesang alikimbia. Alimkuta Chapati amesimama ukingoni mwa paa, manyoya matatu yameng'oka kifuani, amepigwa na butwaa lakini mzima. Akambeba mpaka kibandani, akampa maji, akakaa chini na daftari mapajani.

Alijua la kuandika. "Chapati amegonga." Maneno mawili, na Chapati angekaa kibandani wiki tatu, na Siku ya Kurusha ingempita. "Si amegonga kidogo tu," Chesang alijiambia. "Hata damu hakuna." Akaandika: "Chapati nguzo mbili. Alisimama vizuri juu ya nyaya." Alhamisi na Ijumaa alimwacha Chapati ndani na kuwarusha wengine, akajihisi amekuwa mwangalifu. Lakini kwenye daftari hakuandika kwamba alimwacha.

Jumamosi asubuhi alikuwa akisuuza mashuka uani aliposikia Jalal akipiga kelele. Jalal hakuwa mtu wa kupiga kelele. Chesang aliacha mashuka ndani ya karai.

Jalal alikuwa amepiga magoti karibu na lango. Mikononi mwake alikuwa Chapati, bawa la kushoto likining'inia.

"Chesang, aki sijui nini imefanyika," alisema. "Nilisoma daftari kwanza. Ulisema anasimama vizuri. Nikawarusha wote. Alianza kupinduka, nikangoja asimame, nikangoja, hakusimama."

Chesang alilitazama bawa. Kisha akasema, "Twende kwa Fundi."

Fundi Makhanu alizima mashine ya kuchomelea, akavua glavu na kumpokea njiwa bila kuuliza kitu. Alilipapasa bawa kwa vidole viwili. Akalinyosha, akaliwekea kijiti cha aiskrimu na kulifunga kwa kitambaa, akifanya kazi polepole na kwa utulivu ambao hakuna aliyeutarajia kwa mikono minene kama ile. Chapati alifumba macho.

"Mfupa utaunga," alisema. "Lakini huyu hataruka na kundi tena. Lete daftari."

Alilipitia haraka, kidole kikishuka ukurasa. "Jumatano, alisimama vizuri. Alhamisi, sawa. Ijumaa, sawa." Akamgeukia Jalal. "Basi kilichoharibika, kimeharibika leo. Upepo ulikuwa vipi?"

"Kidogo, Fundi."

"Na chakula? Uliwalisha baada ya kuruka?"

Jalal alitazama viatu vyake. Angeweza kunyamaza, hakuna aliyekuwepo asubuhi ile. "Niliwapa konzi moja ya mtama kabla," alisema. "Njiwa Sukari alikuwa amekonda, nikamwonea huruma. Wengine nao wakala."

Fundi Makhanu akapumua kwa nguvu. "Nimewaambia mara ngapi? Njiwa mwenye tumbo zito hashiki hewa. Umemrusha Chapati akiwa ameshiba, ameshindwa kusimama." Alinyoosha mkono. "Ufunguo, Jalal. Mpaka nione umejifunza, njiwa watasimamiwa na Chesang peke yake."

Jalal alitoa ufunguo kwenye kamba ya shingoni, akampa Fundi, na Fundi akampa Chesang. Chesang aliupokea.

Rhonda haina siri. Kufikia jioni, watoto wa ploti ya pili walikuwa wanajua kwamba Jalal amemvunja njiwa kwa kumshindilia mtama. Asubuhi ya Jumapili, kijana mmoja alimwona akienda dukani akamwuliza kama ameacha mtama wa kutosha kwa kuku.

Siku hiyo mama yake Chesang, Bi Jepkosgei, alipakua ugali na mrenda, na binti yake hakugusa.

"Tumbo?" aliuliza.

"Hapana, Mama."

"Kama si tumbo, ni roho," mama alisema, akamfunikia sahani. "Roho haina dawa ya kununua. Ukiwa tayari kula, chakula kiko hapo."

Chesang alitoka nje. Alimkuta Jalal ameketi kwenye kizingiti cha mlango wa nne, daftari la buluu likiwa wazi magotini. Alikuwa ameliomba kwa Fundi. Alikuwa na kipande cha karatasi kilichojaa namba.

"Unafanya nini?" Chesang aliuliza.

"Natafuta nilikosea wapi." Jalal hakuinua kichwa. "Nimesoma mara sita. Wiki mbili zilizopita niliwapa mtama kidogo pia kabla ya kuruka, na Chapati alisimama. Sasa kwa nini jana? Labda aliendelea kuchoka na sikuona. Lakini hapa kila siku ni nguzo mbili, nguzo mbili. Dakika thelathini na nne, thelathini na tano. Hakuna siku alikuwa mbaya. Kwa hivyo lazima ni mimi."

Chesang alitamani ardhi ipasuke. Kumsikia mtu akikosa usingizi kwa kutafuta kosa ambalo hakulifanya kulimuuma kuliko kama Jalal angemtukana.

"Si wewe," alisema. "Chapati aligonga Jumatano. Bati la kina Mama Waithera. Nilimwona. Sikuandika."

Jalal aliinua kichwa, kama mtu anayesubiri aambiwe ni mzaha.

"Na si hiyo tu," Chesang aliendelea, maana alijua akisimama hataendelea tena. "Kuna siku sikuwarusha. Kuna siku sikutazama. Niliandika tu."

"Nilimrusha kwa sababu ya maneno yako," Jalal alisema polepole. "Halafu ukaniacha niseme ni mtama. Mbele ya Fundi. Ukachukua na ufunguo wangu."

"Najua."

"Toka hapa, Chesang."

Alitoka. Hakuwa na haki ya kubaki.

Jumatatu baada ya shule alienda karakana peke yake. Alisimama kando ya geti lililokuwa halijakamilika mpaka Fundi Makhanu akainua kinga ya uso. Akasema yote kwa mara moja, bila kupumzika, na alipomaliza alikuwa analia.

Fundi Makhanu hakumkemea. Alileta viti viwili, akaweka juu ya meza ya vyuma daftari ambalo Jalal alikuwa amelirudisha, akachukua penseli. "Tuanze juu," alisema. "Mstari huu. Ni wa kweli?"

"Ndiyo."

"Huu?"

"Ndiyo."

"Huu?"

"Hapana."

Fundi alichora mstari juu ya maneno hayo, taratibu, ili bado yasomeke. "Hii ni Jumatatu ya mvua ya mawe," alisema. "Siku hiyo barafu ilitoboa bati la choo changu. Na njiwa wako wakaruka dakika thelathini na mbili." Alitikisa kichwa. "Na mimi Jumamosi nimepitisha kidole hapa, sikuona. Nilisoma haraka kwa sababu nilikuamini. Endelea. Huu?"

Walipitia mistari yote ya Chesang hivyo. Kila "hapana" ilikuwa ngumu kuliko iliyotangulia, kwa sababu penseli haikuwa na haraka na Fundi hakusaidia kwa neno lolote. Walipofika Jumatano, alimpa Chesang kalamu. "Hapa andika mwenyewe kilichotokea."

Chesang aliandika: "Chapati alipita nyaya. Aligonga bati." Maneno matano. Yalichukua nusu dakika.

"Kama yangekuwa hapo Jumamosi," Fundi alisema, "Jalal angemfungia, na saa hii angekuwa anakula mtama."

"Nisamehe, Fundi."

"Mimi nina hesabu zangu za kulipa kwanza. Jalal alisema ukweli kuhusu mtama, nikamnyang'anya ufunguo. Wewe ulinyamaza, nikakuongezea ufunguo. Nimehukumu vibaya." Aliinuka. "Na Jumapili wafugaji watakuja kwenu. Unajua sheria. Hamtarusha."

"Najua."

"Lakini si lazima usome. Ninaweza kuwaambia tu kwamba njiwa wenu wamepata shida, tutapita. Wengine watadhani ni ugonjwa."

Chesang alifikiria. Ilikuwa njia nzuri, na ilikuwa wazi mbele yake. "Watu wanasema ni Jalal aliyemvunja Chapati," alisema.

"Wanasema."

"Basi nitasoma."

Jioni ile Fundi Makhanu alifika ploti akiwa bado na masizi shingoni. Aligonga mlango wa nne. Baba yake Jalal, Mzee Gelle, alifungua akamkaribisha ndani, lakini Fundi alisema angependa kusimama. Kisha, mbele ya mzee huyo, alimwambia Jalal, "Nilikukosea. Nimekuja kukuomba msamaha." Akamrudishia ufunguo. Jalal hakujua aweke wapi mikono yake. Hakuwahi kuona mtu mzima akimwomba mtoto msamaha, na Chesang, aliyekuwa akichungulia kutoka mlango wao, hakuwahi pia.

Jumapili ilifika na jua kali. Wafugaji kumi na mmoja waliingia kwenye ploti, wengine na kofia za kanisani, na majirani wakatoka na viti. Mbele yao alikuwa Kipkirui wa Kaptembwo, mwendesha bodaboda, baba wa watoto wawili, ambaye rola wake walikuwa wameshinda mara mbili zilizopita na ambaye hakuwapa watu nafasi ya kulisahau hilo.

"Leo tumeletwa nasari, kwa watoto," alisema Kipkirui akivuta kiti. "Sawa. Tutakunywa uji, tuende."

Watu walicheka. Chesang alisimama chini ya mnara na daftari. Jalal alisimama upande wa pili, mikono nyuma. Wiki nzima alikuwa akimjibu Chesang kwa neno moja moja, lakini alikuwa amekuja.

Chesang alisoma. Kila alipofika kwenye mstari uliochorwa alisema, "Huu ni wa kubuni. Sikutazama," akaendelea. Kicheko kiliisha kwenye mstari wa tatu. Kufikia wa sita, Kipkirui alikuwa amevua kofia na kuiweka magotini. Kisha Chesang akafika Jumatano.

"Jumatano. Chapati alipita nyaya. Aligonga bati. Nilimwona, nikaandika amesimama vizuri. Jumamosi Jalal alisoma nilichoandika, akamrusha, Chapati akavunjika bawa. Si makosa ya mtama. Si makosa ya Jalal. Ni yangu."

Alifunga daftari. Hakuna aliyepiga makofi, na hakukuwa na sababu. Fundi Makhanu alisema tu, "Kibanda hiki leo hakifunguliwi. Twende Kaptembwo."

Watu waliondoka kwa miguu, watoto wakiwafuata. Njiani mtu mmoja aliuliza Kipkirui yuko wapi. Walipogeuka walimwona nyuma kabisa, ameketi juu ya jiwe, daftari lake gotini, anaandika.

"Kipkirui, unaandika barua ya mapenzi?" mmoja alimwita.

Kipkirui alipofika kibandani kwake alisimama mbele ya watu. Alifungua daftari, akakohoa, akasoma mistari minne ya kwanza. Kwenye wa tano akasema, "Huu mstari mimi nilikuwa Naivasha. Niliandika nikirudi." Akageuza ukurasa. "Na huu pia." Kisha akalifunga na kusema hakuna haja ya kuwachosha watu, kibanda chake nacho hakitafunguliwa.

Vibanda vitano vilikuwa kwenye orodha siku hiyo. Vilivyofunguliwa vilikuwa viwili, maana mfugaji wa tatu naye alikiri mstari wa kubuni. Mshindi alikuwa nyanya mmoja wa karibu na uzio wa mbuga, mwenye rola sita wa nguzo moja, ambaye daftari lake lilikuwa na maneno "Sikuwarusha, mguu unauma" mara tisa. Ilikuwa mara yake ya kwanza kushinda.

Jioni walikunywa chai kwa nyanya huyo. Fundi Makhanu aliketi kwenye benchi kati ya Chesang na Jalal, kikombe mkononi.

"Mtu akianza kuandika daftari, hudhani anaandika sifa zake," alisema. "Nami nilipoanza nilidhani hivyo. Lakini daftari si la aliyekuwepo. Aliyekuwepo ameona. Daftari ni macho ya yule ambaye hakuwepo. Jumatano Jalal alikuwa madrasa, na macho yake yote yalikuwa kwenye kalamu yako, Chesang. Ukiyafumba, atatembea mpaka ukutani, na atakayeumia huenda asiwe hata yeye. Mmenielewa?"

"Ndiyo, Fundi," walisema wote wawili.

"Ukisema ukweli utaaibika siku moja tu. Umeaibika leo, imeisha. Sasa kunywa chai yako, inapoa."

Bawa la Chapati liliunga, likiwa limepinda kidogo. Fundi aliwashauri wamweke na dume mtulivu wa nguzo moja, asiyewahi kukaribia nyaya, na kwamba makinda yao warushwe chini ya macho ya wote wawili mpaka ijulikane wanajua kusimama. Mwezi wa Saba kulikuwa na mayai mawili. Chapati aliyalalia kwa ukali, akimdona yeyote aliyesogeza mkono.

Jumamosi moja Jalal alipanda mnarani mapema, akafungua daftari kabla ya kugusa mlango. Alisoma mistari ya wiki hiyo. Jumatatu, dakika 28. Jumanne, dakika 31, Sukari hakupinduka. Jumatano, dakika 12, mwewe aliwatawanya, Bendera alirudi saa moja usiku. Kisha akafika Alhamisi, imeandikwa kwa mwandiko uleule wa Chesang, wazi, bila kufutwa: "Sikuwarusha. Nilikuwa nacheza mpira wa kati."

Jalal alicheka peke yake pale juu. Halafu, bila kuhakikisha mara ya pili, akawafungulia njiwa.